Madirisha ya Rangi

Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Edinburgh, na ambaye kwa muda wa miaka mitatu hakuchoka kunisihi nimzuru kabla magoti yangu hayajaikataa safari, alinilaki katika stesheni ya Waverley asubuhi moja ya Novemba 2023 kwa shikamoo ya taadhima na koti zito la sufu alilolikunjua kwa mikono miwili, kama wapambe wamvikavyo bwana harusi joho. "Mjomba," aliniambia, akilitazama koti nililokuja nalo kutoka Mombasa, "hilo huku ni shati." Nilivaa yote mawili, moja juu ya jingine, na kwa hali hiyo ya unene usio wangu nikaanza ziara yangu katika nchi ya Uskoti.

Aliniuliza ningependa kuanza kuona nini: ngome iliyokaa juu ya jabali, au kasri ya wafalme, au maduka ya vitambaa vya mirabaraba. Nilimwambia kwamba haja yangu kubwa ilikuwa kuingia Bungeni siku ya Alhamisi, saa sita za mchana, Waziri wa Kwanza, aongozaye serikali ya Uskoti, asimamapo kuulizwa maswali na wapinzani wake. Kijana yule alinitazama kwa huruma, kama amtazamavyo mgonjwa aliyeomba dawa asiyoandikiwa, kisha akasema, "Kama ni maneno ya wanasiasa, mjomba, si ungaliyapata huko huko nyumbani bila ya nauli?"

Ungekuwa mzaha mwema, lau haja yangu ingalikuwa ya udadisi mtupu. Tangu mwaka 2013, zilipoanza kazi serikali zetu 47 za kaunti, baraza yetu ya jioni, ambayo zamani ilikuwa ya kahawa na bao na habari za vyombo, imegeuka mahakama isiyokwisha kesi: zikosekanapo dawa katika zahanati, mmoja husema kosa ni la gavana, na mwingine husema kosa ni la Nairobi iliyochelewesha fedha, na kila mmoja ana hoja, na dawa hazipo. Madaktari wa hospitali za umma walipogoma kwa siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017, serikali kuu na serikali za kaunti zilirushiana ule mgomo kama watoto warushianavyo kaa la moto, kila mmoja akiona fahari kwamba halikuungulia mkononi mwake. Nikajisemea kwamba bila shaka iko nchi iliyotutangulia katika jambo hili la ugatuzi, na kwamba huko, kama sikupata jawabu, angalau nitajifunza namna ya kuuliza.

Na Waskoti walitutangulia, ingawa si kwa mbali kama nilivyodhani. Bunge lao la kale lilijifunga lenyewe mwaka 1707, kwa hiari yake wasemavyo baadhi, kwa kununuliwa wasemavyo wengine, na utawala wa nchi ukahamia London. Mwaka 1979 waliulizwa kama wanataka kuwa na baraza lao tena, na asilimia 51.6 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Lakini sheria ilikuwa imeweka sharti kwamba hao wa ndiyo wasipungue asilimia 40 ya wote walioandikishwa, na kwa kuwa wengi walikaa majumbani, ndiyo yao ikahesabiwa kuwa siyo. Wakangoja miaka 18. Mnamo Septemba 1997 waliulizwa mara ya pili, asilimia 74.3 wakakubali, na Mei 1999 wajumbe 129 wakaketi. Sisi wa pwani tunaijua ladha ya kungoja kwa namna hiyo: katiba ya uhuru ya 1963 ilitupa majimbo yenye mabaraza yake, na kabla mtoto aliyezaliwa siku ile hajatimiza meno, chama kilichoyatetea, KADU, kilikuwa kimekwisha vunjwa, mwezi wa Novemba 1964, na majimbo yakafuata kaburini, nasi tukangoja hata katiba ya 2010.

Alhamisi ilipofika tuliteremka kwa miguu ile barabara ndefu itokayo ngomeni, baina ya nyumba za mawe meusi zilizoegemeana kama wazee, hata tukafika chini kabisa, mahali palipo kasri ya Holyrood upande mmoja, Bunge upande wa pili, na nyuma yao mlima waliouita Kiti cha Arthur. Sikuwa nimeambiwa lolote juu ya umbo la jengo lile, na nilipoliona nilisimama. Mapaa yake yalikuwa ni mashua. Mashua zilizofudikizwa, matumbo juu, kama zilalavyo pwani ya Shela wakati wa kuziba nyufa kwa kalafati. Mpwa wangu aliniambia kwamba sikuota: msanifu wake, Enric Miralles wa Barcelona, alilipata wazo lile katika mashua zilizopinduliwa ufukweni, naye akafariki Julai 2000, kazi ikingali changa. Jengo lilifunguliwa Oktoba 2004, limechelewa miaka mitatu, na gharama yake imefika pauni milioni 414, ilhali makadirio ya awali kabisa hayakuvuka milioni 40. Kwa hiyo Bunge hili, kabla halijamuuliza mtu juu ya fedha za umma, lilikuwa limekwisha ulizwa lenyewe.

Kuingia hakulipiwi. Tulipekuliwa kwa adabu, tukapandishwa hata katika jukwaa la watazamaji, tukaketi nyuma ya safu ya watoto wa skuli ambao mwalimu wao alikuwa amewapanga kama chupa rafuni. Chini yetu meza za wajumbe zilikaa kwa umbo la hilali, wala si safu mbili za kutazamana kama watani ngomani, kama ilivyo London. Nami nilidhani, kwa ujinga wa mgeni, kwamba watu walioketi kwa hilali watazungumza kwa upole. Mbele yao palilazwa rungu la fedha lililochongwa maneno manne: hekima, huruma, haki na uadilifu. Ilipotimia saa sita, mwenye kiti, Bi Alison Johnstone, alifungua maswali, na upole nilioutarajia haukudumu dakika tatu.

Yanilazimu hapa niseme neno juu ya nasaba, kwa sababu mtu wa pwani hawezi kumsikiliza mtu akisema bila ya kuuliza ni mwana wa nani. Waziri wa Kwanza wa siku zile, Humza Yousaf, baba yake alitoka Pakistani, na mama yake alizaliwa Kenya katika ukoo wa Wapunjabi. Waziri Mkuu aliyekuwa London wakati huo, Rishi Sunak, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake alizaliwa Tanganyika. Yaani lile shauri kuu la nani mwenye haki ya kuitawala Uskoti, lililoanza kwa panga na farasi karne nyingi zilizopita, lilikuwa limefika mikononi mwa wana wawili wa Wahindi wa Afrika Mashariki, ambao wazee wao huenda walinunua sukari katika duka moja. Na mmoja wa wapinzani wakubwa wa Yousaf, Anas Sarwar wa chama cha Leba, daktari wa meno aliyeacha koleo akashika siasa, naye ni Mwislamu wa Glasgow mwenye asili ya Pakistani, na walisoma skuli moja na huyo aliyekuwa akimpinga. Nilipomnong'oneza mpwa wangu haya yote alinitaka nishushe sauti.

Wa kwanza kuuliza ni kiongozi wa chama kikubwa cha upinzani, naye alikuwa Douglas Ross wa Wahafidhina, Sarwar akifuata. Maneno yao yameandikwa yote katika kumbukumbu za Bunge lile, na atakaye kuyasoma hatayakosa. Mimi nasimulia sura ya mambo. Mwezi ule Bunge lilikuwa limechafuka kwa habari ya kishikwambi. Waziri wa afya, Michael Matheson, alikwenda mapumziko Morocco na kifaa cha kazi, na gharama za intaneti zilizorudi nacho zilikaribia pauni 11,000, ambazo kwanza zilielekezwa kulipwa kwa fedha za umma, hata zilipofichuka akakubali kuzilipa mwenyewe, na baadaye akaungama kwamba ni wanawe waliokuwa wakitazama mpira. Nilisikia jina la kifaa hicho mara nyingi kuliko nilivyosikia jina la ugonjwa wowote. Mwanzo nilichukizwa: huku majina zaidi ya 800,000 yamo katika orodha za kungoja matibabu, katika taifa lisilofika watu milioni sita, na wakubwa wanagombania mpira wa watoto! Lakini kadiri nilivyosikiliza, ndivyo nilivyoanza kuifahamu hikima ya wapinzani, na ndilo jambo nililolitoa Uskoti, kama nililitoa jambo.

Hikima yenyewe ni hii. Katika serikali iliyogatuliwa, swali halikai pahali lilipowekwa, lina miguu. Muulize Waziri wa Kwanza juu ya foleni ya hospitali: afya ni mamlaka yake, tangu 1999, kwa sheria isiyo na shaka; lakini fedha zake nyingi hutoka London kwa fungu, na fungu hilo hupanda na kushuka kwa kadiri Uingereza itumiavyo kwa watu wake, kwa hesabu waiitayo kanuni ya Barnett, iliyowekwa katika miaka ya mwisho ya muongo wa 1970 na ambayo kila mtu huilaumu na hakuna aithubutuye kuifuta. Basi akiuliza Mhafidhina, jawabu hupanda gari la moshi kwenda London, kwa sababu ni chama chake yeye mwulizaji kilichokuwa kikishika mfuko huko. Akiuliza mtu wa Leba, ambaye chama chake wakati ule hakikushika mfuko London, jawabu hugeuza njia likaenda Cardiff, katika nchi ya Wales, ambako Leba ndiyo iliyotawala na foleni za wagonjwa zilikuwa ndefu vile vile. Na likisharejea kutoka huko limechoka, husindikizwa na orodha ya mema: kwamba Mskoti halipi dawa alizoandikiwa na daktari tangu 2011, na kwamba vijana walio chini ya miaka 22 hupanda basi bure tangu 2022. Yote ni kweli. Insafu yanilazimisha niseme hata ile ya fungu ni nusu kweli, kwa kuwa tangu 2017 Bunge lile limekuwa likijipangia lenyewe viwango vya kodi ya mapato ya kazi. Na nusu ya kweli ndiyo ngao ngumu kuliko zote, kwani huwezi kuitoboa pasipo kuidhulumu ile nusu nyingine.

Lakini kishikwambi hakina miguu. Hakipandi gari la moshi. Kililipiwa hapa, kilisahauliwa hapa, na London haina hisa katika mpira wa wana wa waziri. Mpinzani mwenye busara hutafuta swali la namna hiyo, lisiloweza kusafirishwa, hata kama ni dogo, na akilipata hulishika kama mvuvi alivyomshika pweza mguu mmoja, akijua kwamba ile saba mingine itafuata. Na hapo ndipo niliposikia, katika kelele zile, neno jingine lisilokuwa na miguu: meli.

Tulipotoka nilimwomba mpwa wangu anipeleke nikazione meli hizo. Alikuwa na siku nne za mapumziko, na kwa kuwa ni kijana mwenye adabu alizitoa zote. Ijumaa tuliswali katika msikiti mkuu wa Edinburgh, tukala wali na kuku wa viungo kwa bei ambayo Mpemba angeliita ya haki, na Jumamosi tukapanda gari la moshi hata Glasgow, tukatembea kutoka stesheni moja hata ya pili, tukashika njia iufuatayo mto Clyde kuelekea baharini, tukashuka Port Glasgow. Zamani mto ule ulizaa meli kama mnazi uzaavyo nazi. Leo, katika sehemu hiyo ya chini, kimebaki kiwanda kimoja cha Ferguson, kilichobanana na ngome ndogo ya kale iitwayo Newark, hata mtu akisimama kwenye nyasi za ngome huona karne ya kumi na tano kwa jicho moja na ya ishirini na moja kwa jicho la pili.

Habari ya meli mbili zile ni ndefu, nami nitaifupisha. Mwaka 2015 serikali ya Uskoti, kwa njia ya shirika lake lenye kumiliki vyombo, ilikipa kiwanda kile kazi ya kuunda meli mbili za kuvusha watu na magari visiwani, kwa pauni milioni 97, zikabidhiwe mwaka 2018. Tarehe 21 Novemba 2017 ya kwanza, Glen Sannox, ilishushwa majini kwa sherehe, na Waziri wa Kwanza wa wakati huo, Nicola Sturgeon, akaibariki kwa chupa mbele ya umati. Ilipendeza machoni, ila ilikuwa ni ganda: madirisha ya mbele, alipopaswa kukaa nahodha, hayakuwa madirisha, yalipakwa rangi nyeusi juu ya chuma. Mwaka 2019 kiwanda kilifilisika, serikali ikakitwaa kikawa cha umma, na mwaka 2018 uliokuwa wa kukabidhiwa ukawa 2019, kisha 2022, kisha 2023, na gharama ilikuwa imevuka pauni milioni 300 siku niliposimama pale. Mkaguzi Mkuu, katika taarifa yake ya Machi 2022, alisema kwamba hakuona waraka wa kutosha wa kueleza kwa nini mawaziri waliukubali mkataba ule bila ya dhamana kamili ya kurudishiwa fedha. Waraka! Neno hilo lilinikumbusha nyumbani kuliko lolote nililolisikia katika safari yote.

Nilikaa muda mrefu nikiitazama Glen Sannox. Madirisha sasa yalikuwa ni vioo. Mafundi wa Matondoni, huko Lamu, wakimaliza jahazi hulitia macho mawili omoni, duara zilizochongwa na kupakwa rangi, ili chombo kione njia. Nayo ni macho ya rangi, asiyedanganyika nayo hata mtoto, kwa kuwa jahazi halitiwi macho kabla halijatiwa mbavu. Kosa la Port Glasgow, nadhani, halikuwa rangi. Ni mpango wa mambo: walianza na macho. Na mpinzani aliyelishika jambo hili hakuhitaji hesabu ya Barnett wala kanuni za bajeti. Picha moja ya madirisha yale ilitosha, na kwa miaka sita haikupita miezi bila ya kuletwa Bungeni kwa njia hii au ile. Meli yenyewe haikubeba abiria hata Januari 2025, mimi nikiwa nimekwisha rejea barazani kwangu; Yousaf alikuwa amejiuzulu Aprili iliyotangulia, na Matheson kabla yake, na John Swinney ndiye aliyekuwa akijibu. Na ilipoanza kazi haikutoka bandari iliyokusudiwa ya Ardrossan, kwa kuwa gati ya huko haikuweza kuipokea, ilitoka Troon.

Siku ile bado Ardrossan ndiyo iliyokuwa njia, nasi tukaenda huko kwa kuwa haikunielea vipi niongee habari za feri bila ya kuwaona wanaoingoja. Tulingoja nasi. Upepo wa kusini-magharibi, ambao wenyeji hawaupi hata jina, ulivuma siku nzima na usiku kucha, na bahari baina yetu na kisiwa cha Arran ilikuwa nyeupe kama bakuli la tui. Mimi ni mtu wa kusi na kaskazi, sikumlaumu mtu. Ila niliwatazama abiria wenzetu: mwanamke na mtoto mchanga, fundi bomba na mifereji yake, mzee aliyekuwa akirudi kutoka hospitali ya Kilmarnock na bandeji jichoni, hawakulalamika wala hawakuuliza kitu. Walitoa biskuti mikobani wakaanza kula. Hilo ndilo lililonitisha: watu waliokwisha zoea.

Asubuhi ya pili tulivuka kwa muda usiofika saa moja, katika meli Caledonian Isles, iliyoanza kazi mwaka 1993 na ambayo ilistahiki kupumzishwa zamani. Arran ni kisiwa cha watu yapata 4,600, chenye mlima mmoja mkali uitwao Goat Fell wa mita 874, na hospitali ndogo kijijini Lamlash. Lakini mwenye haja ya daktari bingwa hana budi kuvuka. Tulipanga kwa ajuza mmoja mjane, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitatu, ambaye alinipa chai nzito ya maziwa niliyoitambua kama ndugu, na ambaye, aliposikia kwamba nimetoka kusikiliza maswali ya Edinburgh, alijifuta mikono kwa kitambaa akakaa.

"Huja huku pia," alisema, akiwakusudia wapinzani. "Huja na wapiga picha, wakasimama gatini na viatu vizuri, wakauliza nani aliyetia saini. Mimi sijali ni nani. Nikiwa na miadi ya moyo Jumanne, hunibidi nivuke Jumapili nikalale kwa dada yangu, kwa kuwa sijui kama Jumatatu itavuka. Waulize hilo: Jumatatu itavuka?" Kisha akaongeza, bila ya hasira, kwamba waliokuja kuuliza nao hurudi na feri ya saa kumi, inapokuwapo.

Nilikuwa nimekwisha washangilia wapinzani moyoni mwangu kwa hikima yao ya swali lisilo miguu, na sasa mjane huyu alinionyesha upande wa pili wa nguo. Swali lisiloweza kusafiri ni zuri kwa kumnasa mtu; ndivyo lilivyomnasa Matheson. Lakini swali la Jumatatu halimnasi yeyote. Halina mkosaji ndani yake wala picha, na kiongozi wa upinzani mwenye dakika chache mbele ya taifa hatazitumia kwa miadi ya moyo ya bibi mmoja, illa awe na jina lake na ruhusa yake na kamera. Niliwaza haya bila ya kuwadharau. Ningekuwa miye pale kwenye hilali, ningeuliza madirisha.

Siku ya mwisho tulipanda basi lizungukalo kisiwa, tukashuka Blackwaterfoot, upande wa magharibi. Ng'ambo ya mkono wa bahari ilionekana nchi ndefu ya Kintyre, bluu na ya chini. Nyuma ya vilima vile, katika mji wa Campbeltown, alizaliwa mwaka 1823 William Mackinnon, mwenye meli. Ndiye ambaye mwaka 1887 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alimkabidhi yeye na wenzake utawala wa pwani yetu, tangu Umba hata Kipini, utawaliwe kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Mwaka uliofuata kampuni yao ikapata hati ya kifalme, na mwaka 1895, mfuko umepasuka, wakaiachia serikali ya Kiingereza. Nilimsimulia mpwa wangu kwamba babu wa babu yake, akiwa na dai juu ya kisima au ushuru katika Mombasa ya miaka ile, huenda aliambiwa na karani wa kampuni kwamba shauri ni la Sultani, naye liwali wa Sultani akamwambia kwamba shauri ni la kampuni. "Kwa hiyo, mjomba," alisema, akikaza kofia masikioni, "ugatuzi tuliuletewa kutoka pale," na akanionyesha Kintyre kwa kidole. Sikuona haja ya kumsahihisha.

Usiku ule mjane alitupikia samaki, na baada ya chakula alitaka kujua habari za kwetu. Nikamweleza kwamba Mombasa ni kisiwa, na kwamba baina yake na Likoni pana mkondo mwembamba ambao mtu mwenye sauti nzuri angeweza kuitana na mwenziwe, na watu maelfu kwa maelfu huuvuka kila siku kwa feri, kwenda kazini na skuli na hospitali. Na kwamba feri ile ina historia yake na ikiharibika mji mzima husimama juani.

"Na inapoharibika," aliuliza, "mnamwuliza nani? Yule gavana wenu?"

"La, bibi," nilimwambia. "Gavana hana mkono hapo. Feri si ya kaunti. Feri ni ya Serikali Kuu, Nairobi."

Mjane alinitazama, kisha akamtazama mpwa wangu, ambaye alikuwa amekwisha inama juu ya sahani yake mabega yakimtetema, kisha akaishika birika, akanimiminia chai nyingine bila ya kuniuliza.